Lebo Sitini

Mimi ni fundi cherehani, na ulimi wangu una makali kuliko mkasi. Nalisema mwenyewe kabla majirani hawajaniwahi. Lakini siku ile ya mashuka makali hayo hayakunifaa kitu, maana kosa lilikuwa langu.

Mume wangu ni dobi wa hospitali. Miaka kumi na moja anasukuma toroli la nguo chafu, na mara mbili ameomba awe msimamizi wa chumba cha kufulia. Mara zote mbili mtihani wa Kiingereza ulimwangusha, palepale kwenye vitenzi. Matroni, ambaye ndiye hutoa mtihani huo, alimwambia mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Siku ikapangwa: Jumanne.

Nyumba ikageuka darasa. Alikata utepe mweupe uleule ninaoshonea lebo za hospitali, akaandika vitenzi sitini, akavifunga mafungu manne.

"Want na wenzake wanadaka to papo hapo," alinieleza huku akipiga pasi. "Tell na wenzake wanataka mtu kwanza, ndipo to ifuate. Let na wenzake wanamkubali mtu, ila to hawataki hata kuiona. Halafu wale wenye vihusishi: wait ana for yake, depend ana on yake, kila mmoja na wake kama ndoa."

"Na mtu akisema let I?" nilimchokoza.

"Me, mke wangu. Let me. Usinitie mkosi."

Jumamosi hospitali ilileta mashuka mapya sitini niyashonee lebo, marundo manne, kila wadi na rundo lake: wazazi, watoto, upasuaji na macho. Mume wangu, akikariri, aliweka fungu moja la vitenzi vyake juu ya kila rundo, akayasahau hapo. Mimi Kiingereza kwangu chote ni kimoja, nikadhani ndizo lebo za wadi. Nilikaa nikashona mpaka shuka la mwisho, nikajisifu kwa kazi safi.

Jumatatu saa nne asubuhi niliitwa hospitali, chumba cha kufulia. Mashuka mapya hufuliwa kabla ya kutandikwa, kwa hiyo yote sitini yalikuwa yamechanganyika kwenye meza ndefu, na matroni ameshika moja.

"Hili limeandikwa hope. Ni la wadi gani?"

"Ni mimi, Matroni," nilisema. "Nimeshona masomo ya mume wangu."

Wanawake wawili waliokuwa wakikunja taulo waligeukia ukutani wacheke vizuri. Matroni hakucheka. "Yakirudi wiki ijayo yamechanganyika hivi, nani atayatenganisha?"

Nilijua nimemchimbia mume wangu shimo siku moja kabla ya mtihani, na roho iliniuma sana.

"Mimi nitayatenganisha," mume wangu alisema, akiliacha toroli lake mlangoni.

Matroni akavuta kiti. "Haya, anza."

Alichukua lile la kwanza. "Hope anadaka to. Wazazi." Akachukua jingine. "Ask, mtu kwanza. Watoto." Make akampeleka upasuaji, maana anamtaka mtu bila to. Depend na on yake akaenda wadi ya macho. Alianza kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, lakini kufika la ishirini alikuwa karibu anaimba, mabega yanacheza, na wale wa taulo wanamwitikia majina ya wadi. Mashuka sitini, na hakusita hata kwenye moja. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Matroni aliinuka, akahesabu kumi na tano kwenye kila rundo, akasoma lebo moja baada ya nyingine.

"Kesho usije kwenye mtihani," alisema.

Mume wangu alinywea. Nikafungua mdomo nimjibu, liwalo na liwe.

"Uje kufanya nini?" matroni aliendelea. "Umeshaufanya. Kesho njoo saa moja nikukabidhi funguo za chumba hiki. Na wewe mama, fumua hizo lebo. Msimamizi wangu akiugua nitamwita nani anitenganishie mashuka?"

Nikaketi juu ya kapu lililokuwa karibu, nikalia mbele ya watu wote.

"Mama watoto," mume wangu alininong'oneza, "umekalia nguo mbichi."

"Niache," nilimwambia, nikaendelea kulia, gauni limelowa chapachapa. Sijawahi kulia vizuri namna ile.