Viatu Vyekundu Penye Mawe

Wakongo wanaopanda mlima kuomba huvua viatu chini, penye mawe, maana kule juu kwao ni patakatifu. Wakifukuzwa mlango wa mbele, wanapita nyuma. Emery, mlinzi wa kituo cha wageni cha hifadhi ya wanyama yenye mlima huo, kusini mwa Johannesburg, alikuwa Mkongo mwenzao, na ndiye aliyekuwa akiwapenyeza. Meneja angejua, kazi ingeota mbawa siku hiyohiyo.

Safari hii alimpenyeza dada yake mkubwa, Jocelyne, msusi wa mtaa wa La Rochelle, mlemle Johannesburg. Hakuwa amejaliwa mtoto, na mawifi walikuwa hawampi nafasi ya kupumua.

"Nafunga kavu, hata maji sinywi, sitaongea na mutu," Jocelyne alimwambia. "Simu nitaizima. Usinitafute. Kesho asubui nitashuka."

"Sawa, yaya," Emery alijibu, kama Wakongo wanavyomwita dada mkubwa.

Kesho yake upepo ulitulia, na meneja akaamua nyasi kavu za mlimani zichomwe siku hiyo badala ya wiki iliyofuata. Emery akamwaza Jocelyne kule juu. Akakimbilia kwenye mawe. Viatu vya Jocelyne havikuwepo. Ameshuka! Alimshukuru Mungu kwa sauti, mtu mzima machozi yakimlengalenga.

"Emery, juu kuna mtu?" meneja aliuliza kwenye redio.

"Hakuna, mama."

"Eish, uko sure?"

"Sure, mama. Sharp, hamna shida."

Moto wa Julai, msimu wa ukame kule, haubembelezwi. Ulishika nyasi za chini, ukaanza kupanda. Emery alirudi kituoni, akawaonyesha watalii njia kwenye ramani, hata akawatania kwamba pundamilia wamekwenda likizo.

Ndipo akaja mama muuza mahindi, anayekaa kwenye vibanda ng'ambo ya barabara, kuomba maji. Emery alimjazia ndoo. Alipoinama kumpa, akaona miguu yake: viatu vyekundu vya kifungo cha dhahabu, vilevile alivyomnunulia Jocelyne Krismasi.

"Umevitoa wapi?"

"Pale kwenye mawe, alfajiri," mama alisema kwa aibu. "Nilidhani vimetupwa."

Ndoo ilimponyoka. Aliisahau redio mezani, akatimua mbio kuelekea kwenye moshi, mikono juu, akilia.

"Zimeni! Yaya yuko juu! Yaya yangu yuko juu!"

Kiingereza chote kilikuwa kimemtoka kichwani, na Kizulu nacho. Vijana waliokuwa wakichoma nyasi, wasiojua neno la Kiswahili, waligeuka kumtazama. Mmoja akampungia mkono, kisha wakasogea mbele na mienge yao, wakaendelea kuwasha.