Picha Mbili, Ubavu Mmoja

Masolwa alipigwa saa moja asubuhi, nyuma ya marobota ya tumbaku, siku ambayo gari la kupima vifua liliingia katika uwanja wa ghala.

Aliyempiga alikuwa Xavery, msimamizi wa wapakiaji. Xavery alimwita kama mtu anayetaka kumtuma kazi. Walipofika mahali ambapo marobota yaliziba dirisha, akamwambia, "Leo utaingia kwenye ile gari mara mbili. Kwanza kwa jina lako, halafu kwa jina langu. Namba nagawa mimi, hakuna atakayejua."

"Bosi, hilo siliwezi," Masolwa alisema. "Wewe ingia mwenyewe. Wanasema dawa ni bure."

Xavery alikuwa akikohoa tangu msimu wa masika. Wapakiaji wote walimsikia, na wote walijifanya hawasikii, maana ndiye aliyeamua nani aitwe kazini kesho na nani arudi nyumbani. Tena ilikuwa imevuma ghalani kwamba kila atakayeonekana na doa kifuani atafukuzwa. Hakuna aliyejua maneno hayo yametoka wapi.

Masolwa hakuliona lile konde. Lilimpata chini ya sikio, akaangukia vumbi la tumbaku, na kabla hajainuka buti likamwingia ubavuni. Likarudi palepale, mara ya pili, mara ya tatu. Alisikia kitu kinakatika ndani yake kama kijiti kikavu. Xavery akainama, akamshika kola.

"Una mke na watoto wawili Mtendeni," alisema, akihema. "Kwenu Bukene hukuacha hata shamba la kurudia. Sasa niambie tena huliwezi."

Masolwa akaipokea karatasi ya pili, yenye namba na jina la Xavery.

Kwenye foleni, mzee Ngollo, mpakiaji wa siku nyingi kuliko wote, alimsalimu kwa lugha ya kwao, "Mwangaluka." Masolwa alifungua kinywa ajibu, lakini pumzi ikamkatikia njiani, akaitikia kwa kichwa tu. Ngollo akamtazama vumbi mgongoni, akatazama pembeni.

Masolwa aliingia mara ya kwanza. Mtaalamu wa picha, mwanamke aliyeitwa Tekla, alimwambia aegemeze kifua kwenye ubao, avute pumzi, aibane. Kuivuta kulimtoa machozi. Baada ya watu kumi na wanane akaingia tena, amevaa shati la mtu mwingine na kofia. Barakoa zile walizopewa wote zilimfichia nusu ya uso. Tekla alikuwa amechoka, akapiga picha bila kumwangalia.

Ila picha aliziangalia.

Kabla ya saa sita alimwita Masolwa ndani ya gari, akafunga mlango. Mbele yake palikuwa na kioo chenye picha mbili.

"Kaka, nani amekupiga?"

"Nilianguka, dada."

"Ubavu wa saba, upande wa kushoto. Umevunjika leo, na umepishana. Huu hapa kwenye picha yako." Akasogeza kidole. "Na huu hapa, vilevile, kwenye picha ya Xavery. Ulianguka wapi hata ukawa watu wawili?"

Masolwa akavuta shati kuufunika ubavu.

"Mapafu yako ni mazima," Tekla alisema taratibu. "Huyo mwenzako anakohoa?"

"Anakohoa."

"Damu?"

"Nimeiona kwenye leso yake."

Tekla akashusha pumzi. "Hakuna anayefukuzwa kwa kifua kikuu. Anapewa likizo, anapewa dawa, anarudi. Nilisema hivyo asubuhi kwa kipaza sauti. Kumbe hakuna aliyeamini." Akafungua mlango, akamwomba mlinzi amwite Xavery.

Hapo ndipo alipokosea, na baadaye alikiri mwenyewe kwamba alikosea: angemtoa Masolwa kwanza.

Xavery alipanda ngazi mbili za gari akiwa na kulabu mkononi, ile ya kuvutia marobota. Akamwona Masolwa amekaa kitini. Akaona picha mbili kwenye kioo. Hakuuliza neno. Kulabu ilishuka ikamzama Masolwa begani, na Xavery alipoivuta ilitoka na kipande cha shati na nyama. Tekla alimrukia mkono. Xavery akamsukuma kwa kiwiko, mdomo wa Tekla ukapasuka, kichwa kikagonga mashine. Kulabu ikapanda tena. Safari hii Masolwa aliudaka mpini, wakaanguka wote wawili, ule ubavu uliovunjika chini, uzito wa Xavery juu. Masolwa akapiga ukelele ambao hata Ngollo, aliyekuwa upande wa pili wa uwanja, aliusikia.

Wapakiaji wakaja mbio. Walimkokota Xavery kwa miguu, uso wake ukigonga ngazi moja, kisha ya pili. Walipomwona Tekla akitoka na damu kidevuni, jambo lililokuwa limefungwa vifuani mwao miaka mingi likafunguka. Walimpiga kwa ngumi, kwa mikanda, kwa vipande vya mbao vya kuwekea marobota. Kila mmoja alikuwa na siku yake aliyoikumbuka. Xavery alijikunja, akaficha kichwa. Mtu mmoja akampasulia vidole kwa kisigino ili akifikie kichwa hicho.

Masolwa alishuka kwenye gari akijishika bega. Wenzake wakamwachia nafasi. Angeweza kusema basi, na wangemsikiliza. Akampiga Xavery teke la mbavuni, kwa nguvu zote zilizobaki. Akampiga jingine.

Xavery akakohoa, na damu ikamtoka mdomoni kama maji yaliyomwagwa, nyekundu, yenye povu. Watu wakaruka nyuma. Duara lote likapanuka, na wale waliokuwa wamemshika wakaanza kujipangusa mikono kwenye suruali.

Tekla peke yake ndiye aliyesogea. Akapiga magoti, akamgeuza ubavu ili asipaliwe, akamshikilia kichwa.

"Mmemaliza?" aliuliza. Mdomo wake ulikuwa umevimba, maneno yakatoka mazito. "Basi leteni machela."

Xavery hakufa. Hospitali walikuta shimo katika pafu la kulia, kifua kikuu cha muda mrefu, na mbavu tatu zilizovunjika. Wapakiaji wote walipimwa makohozi. Ngollo akakutwa anaumwa, pamoja na wengine wawili. Walianza dawa, na hakuna aliyepoteza kazi.

Jioni ya siku ile ya ugomvi, nyumbani Mtendeni, Kabula alimsafisha mumewe bega lililoshonwa. Masolwa alimsimulia yote mpaka mwisho.

"Ulimpiga akiwa amesimama, au ameshalala chini?" Kabula aliuliza.

"Ameshalala."

Kabula akaendelea kufunga bandeji. Masolwa aliona heri angemtukana.

Siku ya tatu alikwenda polisi kutoa maelezo. Askari aliandika haraka: buti, kulabu, dada wa picha kupasuliwa mdomo. Akamsogezea karatasi atie sahihi.

"Haijaisha," Masolwa alisema. "Na mimi nilimpiga. Mateke mawili, yupo chini, hana kitu mkononi."

Askari akaweka kalamu. "Mzee, wewe ndiye mlalamikaji. Hayo hakuna aliyeyataja. Mashahidi wote wanasema hawakumwona aliyempiga Xavery."

"Mimi nilimwona."

"Unajua naweza kukufungulia jalada?"

"Najua."

Askari akavuta karatasi nyingine na kuuliza alimpiga kwa mguu gani.

"Wa kulia," Masolwa akasema.