Kiatu Kizima

Badriya binti Zahran alikuwa mshona visigino. Si viatu, visigino. Kiwanda cha viatu kilikuwa njia ya Bububu, ukishapita Mtoni, na mle ndani kila mtu alipewa mashine yake siku aliyoingia, akabaki nayo. Kazija, mwenyeji wa Makunduchi, alikata soli. Ummkulthum alitoboa matundu ya kamba. Kiatu kiliwapitia kama mgeni mwenye haraka: kila mmoja alikigusa pahala pake, kikenda zake.

Shangazi zake Badriya waliona aibu kwa kazi ile. Babu yao alikuwa na mashamba ya karafuu, na sasa mjukuu anashona viatu na kina yakhe, watu wa chini! Badriya akiwajibu, "Mashamba yamekwenda, mimi nipo." Mshahara aliutia mkobani bila kuinamisha kichwa.

Ikafika mwaka wa themanini na tisa. Biashara ilikuwa imeshafunguliwa, na maduka ya Darajani na Mlandege yalijaa viatu kutoka Dubai na kwengineko, vinang'aa, bei chee. Vya kiwandani vikarundikana ghalani. Asubuhi moja mashine zilinyamaza, na meneja, Bwana Wakil, akawakusanya uwanjani.

"Mafundi wachache watatafutiwa kazi Bara," alisema. "Nyinyi wengine tunakushukuruni. Kila mmoja atapewa mabaki ya ngozi ende nayo kwao."

Badriya akanyoosha mkono. "Kwani sisi si mafundi?"

"Wewe unafanya nini, Bi Badriya?"

"Visigino."

"Basi. Fundi ni yule anayejua kiatu. Nyinyi ni watu wa mashine, na mashine ndo hizo zimezimwa."

Badriya akamtazama meneja kuanzia kichwani mpaka chini, na macho yake yakasita miguuni. Wakil alikuwa kavaa viatu vyeusi vya ncha kali, vipya, vya Dubai.

"Kumbe!" alisema Badriya, na sauti ikafika hadi getini. "Hata wewe hutaki kuvaa tunachotengeneza. Halafu unatwambia hatujui kiatu!"

Wakil akarudisha miguu nyuma kama mtu aliyekanyaga maji. Watu wakacheka, lakini kiwanda kilifungwa vilevile.

Jioni Sami, ndugu yake mdogo mwenye duka la viatu Mlandege, alikuja kumtazama nyumbani Kikwajuni.

"Dada, njoo ukae dukani kwangu. Kazi ya kivulini, hushoni kitu."

"Unataka niuze vilivyonifukuza?"

"Nnataka ule."

"Nshakula," akasema Badriya.

Kulipokucha aliwaita Kazija na Ummkulthum. Walikaa ukumbini juu ya mkeka, mabaki ya ngozi katikati yao. Badriya alisema watashona kiatu, na wenzake wakaona jambo jepesi. Kazija akakata soli kwa kisu. Ummkulthum akatoboa matundu kwa msumari. Badriya akashona kisigino kwa mkono. Kisha wakatazamana. Soli kule, ngozi huku, na hapana ajuaye vipi vitu viwili hivi hukutana. Walivibandika kwa gundi. Ummkulthum akavaa, akenda hadi mlangoni, na soli ikabaki nyuma.

Kiwandani kazi ya kuunganisha ilikuwa ya Gharib, kwenye mashine kubwa ya mwisho. Wakamfuata kwake.

"Wallahi nsikudanganyeni," alisema Gharib. "Mimi nlikuwa nnatia kiatu mdomoni mwa mashine, nnakanyaga pedali. Kinatoka kishashonwa. Humo ndani mnafanyika nini, sijui."

Walirudi Kikwajuni. Kazija alishaanza kuvaa buibui lake aondoke. Badriya akachukua kiatu cha kiwandani alichokuwa akivaa mwenyewe, akatia wembe kwenye mshono, akakichana. Alikifungua vipande vyote, akavipanga juu ya mkeka kwa mfuatano wake.

Ummkulthum akainua ukanda mwembamba uliokuwa umejificha baina ya soli na ngozi. Machozi yalimlenga. "Miaka yote ile," alisema, "kumbe humu ndani mna kitu kama hiki, wala hatukuambiwa!"

"Nani angekwambia?" akasema Badriya. "Ukijua, utaondoka nacho. Haya, kaa kitako."

Walinunua msharasi, ile sindano nene ya washona viatu, wakaanza kuufuata mshono wa mashine tundu kwa tundu. Kazija akajidunga kiganja, akalaani, akafunga kitambaa, akaendelea. Wakashona wakafumua, wakashona tena. Badriya alishika sharti moja: hapana kugawana kazi. Kila mmoja ashone kiatu mwanzo mpaka mwisho. Walipopata jozi ya kwanza iliyosimama, ilikuwa nzito, na mshono wake umepinda kidogo, lakini soli haikubanduka hata Kazija alipoivuta kwa meno.

Sami aliiweka dukani kwake. Ikakaa. Wateja waliishika, wakaigeuza, wakanunua vya kung'aa vilivyokuwa ubavuni pake.

"Dada, kiatu kizuri," alisema Sami siku Badriya alipokwenda kuuliza. "Lakini mtu ana macho na ana mfuko."

Badriya alikuwa akiifunga jozi yake gazetini aondoke nayo pale alipoingia mwanamke mmoja, Asila, anachechemea. Mguu wake wa kushoto ulidumaa kwa maradhi ya utotoni.

"Sami, leo nakuomba," alisema Asila. "Niuzie kimoja namba thalathini na nane na kimoja thalathini na tano. Kila siku nnanunua jozi mbili, nnatupa nusu, na hichi cha kushoto bado nnakijaza tambara."

"Bi Asila, vinakuja vimefungwa pamoja. Vilivyobaki nimuuzie nani?"

Badriya alimtazama Asila miguu. Miaka yote kiwandani alishona visigino kwa namba, na hakuwahi hata siku moja kumuona mwenye mguu.

"Twende kwangu," alimwambia.

Pale ukumbini walimkanyagisha Asila juu ya karatasi, mguu mmoja baada ya mmoja, wakauchora kila mguu pembeni mwake. Badriya mwenyewe ndiye aliyeshona. Cha kushoto alikiongeza soli ili nyonga zilingane. Asila aliporudi kuvijaribu, alisimama, akasita, akaenda hadi uani na kurudi. Kisha akenda tena, safari hii hakushika ukuta.

"Hamna tambara," alisema, akawa anacheka na kulia. "Badriya, hamna tambara!"

Habari ikatembea kuliko Asila mwenyewe. Akaja mzee aliyekatwa vidole kwa sukari. Akaja bibi wa vidole vilivyopandana. Wakaja watu ambao miguu yao haikuwa na namba dukani, na wengine waliotaka tu kiatu cha kudumu. Hawakutajirika, ila hawakulala na njaa.

Kazi ilipozidi, Kazija alisema, "Tugawane. Mimi soli, Ummkulthum matundu, wewe visigino. Tutamaliza upesi."

"Sitorudi kuwa kisigino," akasema Badriya.

"Kiburi hicho! Watu wanangoja."

"Wangoje. Nlishawahi kufanya kazi ya upesi, Kazija. Iliponitupa, nliondoka sijui hata nlikuwa nnafanya nini."

Waligombana vibaya. Ummkulthum alijaribu kuwasuluhisha, akatukanwa na wote wawili. Mwisho wa mwezi Kazija alifunga vitu vyake akarudi Makunduchi, na Badriya hakutoka kumuaga. Alikasirika, na zaidi ya kukasirika alimkosa, kwa kuwa hapakuwa na mkono uliokata soli kama ule.

Baada ya mvua za masika alikuja mtu kutoka shamba, akavua sandali zake za ngozi mlangoni. Badriya aliziokota bila kuomba ruhusa. Akapitisha kidole kwenye soli, kwenye ukanda wa ndani, kwenye kisigino.

"Umezipata wapi hizi?"

"Kwa Kazija, huko kwetu. Anashona barazani kwake peke yake. Wanawake wanaolima mwani wanamsumbua mpaka hana nafasi ya kula."

Badriya alikigeuza kisigino kwenye mwanga. Mshono ulikuwa umenyooka kuliko wake.

"Ummkulthum!" aliita.

"Naam!"

"Hebu njoo utazame. Kazija hana haya, anatushinda."