Ndimi Mpya za Kinanda cha Baba

Watu wote walinikataza, na mimi ukinikataza jambo bila sababu ya maana ni kama umenisukuma nilifanye. Ndivyo nilivyozaliwa, anayetaka kununa na anune.

Kinanda chenyewe ni kile cha mvukuto, unapiga vibonye kwa mkono mmoja huku mkono wa pili unasukuma hewa kwa nyuma. Baba alikipigia kikundi chetu cha waimbaji mpaka alipofariki, kikaja kwangu, maana kati ya watoto wake ni mimi tu niliyekuwa na subira ya kukaa nikajifunza. Subira ya kinanda ninayo. Ya watu ndiyo sina. Mchana nashona nguo, jioni nakwenda mazoezi, na kwa muda mrefu nilikuwa napiga kinanda chenye mafua. Ndani yake mna ndimi za shaba, kila kibonye na ulimi wake. Hewa ikipita ulimi unatetemeka, na huko kutetemeka ndiyo sauti. Ndimi za baba zilikuwa zimechoka. Nyingine zilikoroma, nyingine ziligoma kuamka mpaka uhangaike na mvukuto jasho likutoke. Nikasema nazibadilisha zote, naweka mpya za shaba nene, kinanda kisikike mpaka barabarani.

Wee, kwani walinyamaza? Kaka zangu wakasema sauti ya baba imo mle ndani. Mwenyekiti wa kikundi akasema kinanda ni urithi wa wote, nisiguse kitu bila kikao. Urithi wa wote, lakini siku mvukuto ulipochanika sikumwona hata mmoja wao akija na gundi.

Aliyeniunga mkono ni Shangazi peke yake. Ni dada yake baba, naishi naye, na ndiye mwanzishaji wetu: kila wimbo anaanza yeye peke yake na kinanda, sisi tunaitikia baadaye. Nilidhani atalia. Alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua uso.

"Kaka yangu nilimzika mimi, najua alipo," akasema. "Hayumo kwenye kinanda. Badilisha."

Basi nikakibeba mpaka kwa Fundi Masikio. Jina hilo tulimpa kwa kuwa akisikia mlango unalia atakwambia unalia vibaya. Karakana yake ni chumba kimoja kinachonuka gundi na mafuta ya mashine, na ukutani tupa zimepangwa kwa ukubwa. Alikaa na kinanda changu karibu wiki nzima. Kila ulimi mpya aliulinganisha na kile kichuma chake cha kupimia sauti, chenye pembe mbili, anachokigonga gotini kikalia. Ukiwa chini kidogo anaukwangua nchani, sauti inapanda. Ukiwa juu anaukwangua shinani, sauti inashuka. Ndimi za zamani akanirudishia ndani ya kopo la maziwa. Mmoja alinionyesha kabla hajautumbukiza, ulimi wa kibonye cheusi kilicho karibu na katikati. Ulikuwa na ufa shinani, mwembamba kama unywele. Akasema huu hata hajui ulikuwa unaliaje. Nikasema vyovyote ulivyolia, umekwisha, na nikaondoka na kinanda changu kichwa juu.

Siku ya mazoezi nilipokibonyeza tu, ukumbi wote ukageuka. Sauti ilijaa mpaka madirisha yakatikisika. Hata Mwenyekiti alisahau kununa. Nilijisikia mtu mzima, nasema kweli, nikamtazama Shangazi akanikonyeza, tukaanza ule wimbo wetu wa siku zote, uliotakiwa kufungulia ukumbi mpya Jumamosi inayofuata.

Shangazi akaanza vizuri. Alipofika katikati ya mstari, kinanda kikaenda huku yeye akaenda kule. Kidogo tu, lakini kidogo hicho kilikwaruza kama kucha kwenye bati. Tukarudia. Alipofika palepale, ikawa vilevile. Mara ya tatu watu wakaanza kutazama viatu vyao.

Mwenyekiti akasimama. Huyo bwana akitaka kukuchinja hukuvisha kwanza kilemba cha ukoka. Akamsifu Shangazi weee, nguzo ya kikundi, mama yetu sote, kisha akasema uzee si ugonjwa ila sikio nalo huzeeka, na kinanda kipya kimetuonyesha ambacho tulikuwa hatukioni. Siku ya kufungua ukumbi Shangazi aketi mbele na wageni wa heshima. Wimbo utaanzishwa na mtu mwingine. Na huyo mtu mwingine nani? Binti wa Mwenyekiti mwenyewe, aliyerudi juzijuzi kutoka masomoni alikojifunza kuimba kwa kinanda cha umeme. Binti akaitwa, akaimba, na alipita pale mahali bila mkwaruzo. Sitamsingizia, alikuwa na sauti nzuri.

Shangazi alijifunga mtandio, akachukua mkoba wake, akatoka. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nachemka, nikimwaga maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Yeye akanikata. Akasema sauti imemwisha, amesikia kwa masikio yake, nisiende kumgombania kama mtoto aliyenyang'anywa peremende. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Mlango ule mchana haufungwi.

Hapo ndipo niliposhikwa na uchungu hasa. Ni mimi niliyeleta zile ndimi. Nilitaka sauti nzuri, na kitu cha kwanza sauti hiyo ilichofanya ni kumtoa Shangazi kwenye nafasi yake. Nikalichukua lile kopo kwa hasira nikalitupe jalalani, ndimi zikalia ndani, kacha kacha, na nikakumbuka ule ulimi wenye ufa. Nikalipekua kopo, nikautoa, nikauweka mdomoni, nikaupuliza kama filimbi.

Ukatoa sauti yake, chini kidogo ya inavyopaswa. Na kutoka nyuma ya mlango uliofungwa Shangazi akaidaka. Sidhani hata alijua anafanya hivyo. Koo lake liliisikia tu likaifuata, na sauti zile mbili zikakaa pamoja bila hata uzi wa kupita katikati.

Nikapuliza tena, akaidaka tena. Kisha mlango ukafunguka.

"Hiyo ndiyo yenyewe," akasema. "Umeipata wapi?"

Nikamwonyesha ufa. Nikamweleza kwamba ulimi ukipasuka shinani sauti yake hushuka polepole, mwaka hadi mwaka, na yeye alishuka nao bila kujua, maana aliimba alichofundishwa na kinanda. Na kama kilimfundisha yeye, kilitufundisha sote. Sisi tulifichwa na wingi wetu tu. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Shangazi aliketi kitandani, akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu yakabaki machozi tu. Nikakaa naye.

Kesho yake nikaenda kwa Fundi Masikio nikamwambia aushushe ulimi mpya wa kile kibonye, uwe pale ulipokuwa wa zamani. Alinitazama kama nimemwambia akate kidole chake. Akasema kuurudisha ule wenye ufa haifai, utakatika katikati ya wimbo. Hilo nilikuwa nalijua, ndiyo maana nilitaka ushushwe mpya. Akasema ng'o. Kazi yake ni kuweka sauti sawa, haharibu kwa makusudi, na shaba ikishakwanguliwa hairudi. Nikamuuliza sawa ni ipi, ya kichuma chake au ya watu wanaoimba. Akasema ya kichuma. Tukaachana hapo, yeye na kichuma chake, mimi na tupa yangu ndogo ninayosugulia vyuma vya cherehani.

Mazoezi ya mwisho kabla ya ukumbi kufunguliwa nikaingia nimemshika Shangazi mkono. Mwenyekiti akaanza kusema jambo hili tulishalimaliza. Nikamwambia sawa, lakini kwanza anisaidie kitu kidogo. Aimbe ule mstari wa mwanzo, peke yake, bila kinanda. Hakutaka. Watu wakaanza kuguna, hasa wanawake wa nyuma, na mtu anayependa kusikilizwa hawezi kukataa kuimba kwa muda mrefu. Akakohoa, akaimba. Alipofika pale mahali nikambonyezea kibonye cheusi.

Mkwaruzo ulisikika mpaka mlangoni.

Akasema nimebonyeza vibaya. Nikamwomba arudie, akarudia, ikawa vilevile. Mmoja wa wanawake wa nyuma akajaribu mwenyewe, naye akagonga mwamba. Kisha wakajaribu wote, mmoja mmoja, na ukumbi ukawa kicheko kitupu. Hakuna aliyefika pale kinanda kilipokuwa, isipokuwa binti wa Mwenyekiti, ambaye hakuwahi kuimba na baba yangu. Nyani haoni kundule, lakini siku hiyo tuliona yetu sote.

Mwenyekiti hakucheka. Akasema basi wote tujifunze upya, kilicho sahihi ni sahihi. Nikamjibu mbele ya wote:

"Hukusema tujifunze wote. Ulisema yeye akae na wageni."

Nikakilaza kinanda mezani, nikafungua mfuniko kwa bisibisi, nikautoa ule ulimi. Mwenyekiti alipoiona tupa akapiga hatua mbele, akasema naharibu kinanda. Nikamwambia ni cha baba yangu na kinalala nyumbani kwangu, na atakayenigusa mkono leo hatashika kijiko kesho. Hapo Shangazi akaniita jina langu la utotoni, la kunituliza. Sikutulia.

"Imba, Shangazi," nikamwambia. "Ile moja tu. Ishikilie."

Akaimba. Nikakwangua shinani, kidogo sana, nikapuliza, nikasikiliza. Bado. Nikakwangua. Unga wa shaba ulikuwa unaniangukia kwenye sketi. Nilikwenda taratibu kwa sababu najua shaba hairudi, nikipitiliza nimekwisha, sina ulimi mwingine wala uso wa kumrudia fundi. Shangazi akivuta pumzi, nasi tunangoja. Akianza tena, anaanzia palepale, sauti haikuyumba hata mara moja. Huyo ndiye waliyesema sikio limemzeekea. Nikakwangua mara ya mwisho, nikapuliza, na mkwaruzo ukatoweka kati ya sauti zetu mbili, zikakaa pamoja kama siku ile kupitia mlangoni. Nikafuta tupa, nikaurudisha ulimi mahali pake, nikakaza skrubu.

Binti wa Mwenyekiti ndiye aliyesema kwanza. Alimuuliza Shangazi, kwa adabu, kama anaweza kusimama karibu yake ajifunze kuifikia pale chini. Shangazi akamvutia kiti. Mwenyekiti akasoma ratiba, muda mrefu kuliko ratiba ilivyohitaji.

Jumamosi ukumbi mpya ulijaa. Fundi Masikio alikuja, akakaa mstari wa mbele, amevaa koti, amekuja kusikia kazi ya mikono yake. Sikuwa nimemwambia kitu. Nikaanza, ndimi mpya zikalia vizuri mno, naye akatabasamu akiitikisa miguu. Kisha Shangazi akafika pale mahali, na mimi nikabonyeza kile kibonye kwa nguvu zangu zote.

Uso wa fundi ukakunjamana kama amelamba ndimu. Mkono ukapanda kuelekea sikioni. Shangazi akamwona. Mstari ule huwa haukai hapo, unagusa na kupita, na siku zote za maisha yake aliugusa na kupita. Siku hiyo hakupita. Alisimama pale, akaishikilia, akimtazama yeye machoni, nami nikausukuma mvukuto nisimwangushe, mpaka yule fundi akaushusha mkono na kuuweka gotini.