Lango Moja

Fisi hakushindwa na njia mbili. Alishindwa na njia moja, na njia hiyo niliichora mimi.

Zamani, pale hospitalini ninapofanya kazi, daktari alifungua kurasa tatu za kompyuta: ya maabara, ya dawa, ya wodi, kila moja na nywila yake. Nikajenga lango moja. Daktari anauliza mara moja tu. Lango linapeleka swali kwenye mifumo inayohusika, linakusanya majibu na kumrudishia kama yametoka kinywa kimoja.

Mfumo wa maabara aliujenga mjomba wangu, aliyenifundisha kazi hii na kunitafutia nafasi pale. Ulikuwa umechoka, na foleni ikijaa adhuhuri ulizimia. Enzi za kurasa tatu lawama zote ziliangukia mtandao.

"Mpwa wangu," aliniambia, "ukiona nimenyamaza, wape jibu la mwisho nililotoa. Nitaamka, nani atajua?"

"Nesi amchome mtu insulini kwa kipimo cha jana? Na kama sukari imeshashuka?"

"We mtoto! Nimekufundisha kuandika programu, sasa unanihubiria?"

"Basi tuutengeneze pamoja, mjomba. Jumamosi nije?"

"Mzoea punda hapandi farasi," akasema, akacheka. Nami nikacheka, maana kicheko chake kilikuwa hakikuachi ukiwa umenuna. Kisha nikarudi mezani kwangu nikaliamuru lango liseme kweli: *Maabara haijibu.*

Maneno mawili, mekundu. Kila adhuhuri yaliwaka mbele ya kila daktari, mpaka yakafika kwa mkurugenzi. Mfumo wa mjomba ukang'olewa. Yeye wakamhamishia stoo, agawe karatasi na wino wa printa.

Nikipita mlangoni pake, yeye hugeukia rafu. Simu zangu hapokei. Lango likinigomea sasa, mkono huenda kwenye namba yake kwa mazoea, halafu nakumbuka. Hakuna aliyebaki wa kuniita "we mtoto".

Jana mama aliweka kijiko chini katikati ya chakula.

"Yule ni kaka yangu. Alikushika mkono ulipokuwa hujui hata kuwasha mashine. Nenda ukamwombe radhi, yaishe."

"Nitaenda, mama. Nitakaa naye hapo stoo hata asiponisemesha."

"Na radhi?"

"Radhi siombi."