Jumamosi za Pam

Kwa miaka sita Kemuma hakufanya kazi hata Jumamosi moja, na kwa miaka hiyo sita daftari la zamu la Kituo cha Afya cha Ekerema lilionyesha kwamba hakukosa hata moja. Siri ilikuwa ya wauguzi wawili. Kila Ijumaa, kabla jua halijatua na Sabato kuingia, Kemuma alitia sahihi yake kwenye mstari wa kesho, akajitanda leso, akaenda zake. Jumamosi asubuhi Pam, muuguzi mwenzake, mke wa Okinyi yule fundi cherehani wa Nyamache, alivaa koti la zamu lenye mistari inayong'aa, akapanda ambulensi na dereva Mokua. Kesho yake Kemuma alimshikia zamu ya Jumapili ili Pam aende misa.

Kanisa lenyewe halikuwahi kumkataza kumtibu mgonjwa siku ya Sabato. Kemuma ndiye aliyejiwekea sheria kali kuliko ya mchungaji, maana alikuwa shemasi na alipenda watu wajue hivyo. Alisema uongo Ijumaa ili Jumamosi yake iwe takatifu, na akalala usingizi mzuri tu.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya Aprili. Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa bila kupumua, na mteremko mmoja wa majani chai ukateleza ukafunika nyumba nne. Ambulensi ya Ekerema ilifika kabla ya mtu yeyote. Pam na Mokua walimtoa bibi kizee na mtoto, wakarudi kwa wa tatu, mteremko ukashuka mara ya pili. Walichimbuliwa kesho yake, wote wawili maiti. Saa hiyo walipofukiwa, Kemuma alikuwa kanisani anaimba sauti ya pili.

Jumatatu wakubwa wa afya walikuja na viatu vyao safi, wakafungua daftari.

"Sista, hapa inaonyesha ulikuwa kwa gari. Uliponaje?"

Ukweli ulimfika kwenye ulimi. Akafikiria kazi yake, watoto wake watatu, na kiti chake cha mbele kanisani. "Nilikuwa nimeshuka kuita watu," akasema.

"Na huyu Pam, alikuwa anafanya nini kwa gari?"

Kemuma akainamia daftari, macho kwenye sahihi yake. Wakubwa wakaandika kwamba marehemu alikuwa abiria asiye na ruhusa.

Basi Mokua akazikwa kishujaa, jeneza lake likabebwa na wenzake waliovaa sare. Pam alipelekwa kwa wakwe zake kando ya ziwa, na ofisi haikutuma hata mfagizi. Na kwa kuwa watu hawawezi kuona pengo wasilijaze, sokoni wakaanza kusema kwamba alikuwa hawara wa dereva, wamefia kwenye raha zao. Okinyi aliyasikia maneno hayo akiwa kwenye cherehani, kutoka kwa wateja waliodhani kelele ya mashine inamzuia kusikia.

Mwezi wa Oktoba ofisi ikatangaza siku ya kuwaenzi waliookoa watu. Kutakuwa na jiwe la kumbukumbu kwa waliokufa na cheti kwa aliyepona. Siku yenyewe ikawekwa Jumamosi. Kemuma alishukuru Mungu kwa sauti. Alituma ujumbe kwamba yeye ni Msabato, wamwie radhi. Hakuna ofisini aliyejiuliza Msabato huyo alikuwaje kazini Jumamosi ile.

Jioni ya siku hiyo alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, bado yuko na nguo za kanisani, alipomwona Okinyi anapanda kijia kati ya migomba. Kwapani alikuwa na fremu ya kioo.

"Karibu, shemeji," Kemuma akasema, akamsogezea benchi.

"Asante, Sista. Nimetoka kwa sherehe." Okinyi hakuketi. "Nilienda kuangalia kama wameandika Pam. Jiwe ni mzuri. Iko na jina ya Mokua peke yake."

Kemuma akatazama miguu yake.

"Halafu wakaita wewe. Mara tatu. Wakauliza kama kuna mtu wako, watu wakaonyesha mimi, ati bibi yangu alikuwa rafiki yako. Nikaenda mbele. Wakanipigia makofi." Akaiweka fremu kwenye kigoda. "Pam alikuwa anakuchukulia Jumamosi. Na mimi nimekuchukulia hii."

Kwenye kioo paliandikwa *Kwa Ujasiri wa Kipekee*, kwa herufi za dhahabu. Kemuma alitamani ardhi ipasuke, kisha akakumbuka nani ardhi ilimpasukia, akaona aibu hata ya kutamani.

Okinyi akatoa kitabu cha kupokelea. "Wanataka sahihi yako kwamba imekufikia." Kisha akatoa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. "Na hii ni yangu. Inasema Pam alikuwa kazini kwa niaba yako, na ile sahihi uliweka Ijumaa. Mtoto wetu Millicent ndio aliandika. Mimi mwandiko yangu ni ya kupima suruali."

"Shemeji, nikisaini hiyo, kazi imeisha."

"Najua. Nimeenda ofisini mara nne. Kila mara wananifungulia ile daftari yako. Siku ya mazishi uliniambia ningoje. Nimengoja." Sasa ndipo akaketi kwenye benchi. "Na najua huwezi kushika kalamu kabla jua haijazama. Nitangoja tena."

Jua lilikuwa bado na nusu saa juu ya kilima. Kemuma alilitazama akiomba lisishuke. Sabato ilikuwa imemficha miaka sita, na hata sasa ilikuwa inamficha, na mgane huyu alikuwa anaiheshimu kuliko yeye mwenyewe alivyowahi kuiheshimu.

"Millicent anaendeleaje?" akauliza, ili mradi pawe na sauti.

"Wanamwambia shuleni mama yake alikuwa anafuata dereva. Mimi namwambia ni uongo. Ananiuliza, baba, nani mwingine anajua ni uongo?"

Kuku walianza kuingia ndani. Kemuma akanyoosha mkono.

"Lete kalamu."

"Jua bado, Sista."

"Naliona."

Akaiweka karatasi ya Millicent juu ya kioo cha cheti, maana hapakuwa na meza, akatia sahihi. Chini yake palikuwa na mahali pa tarehe. Mkono wake ulisita hapo, kisha kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe Ekerema akaandika tarehe ya Jumamosi siku ya Jumamosi.

Okinyi alisoma neno kwa neno, akaikunja karatasi akaitia mfuko wa shati. Hakushukuru.

"Jumatatu nitaenda ofisini mwenyewe," Kemuma akasema huku analia. "Nitawaambia waongeze jina lake."

"Enda ama usiende. Jiwe walishajengea na simiti." Akasimama. "Hii napelekea Millicent."

Akashuka kijia bila kuaga. Kitabu cha kupokelea kilibaki kwenye benchi, na mbele ya jina la Kemuma hapakuwa na sahihi.