Ndoo ya Dominika

Mgeni alishuka Kitangari kutoka kwenye lori la mnunuzi wa korosho, watu wakamzonga wakidhani naye ni mnunuzi. Miaka ile, biashara ilipoachiwa watu binafsi, sura ngeni iliulizwa bei kabla ya jina.

"Sinunui korosho," alisema. "Mimi ni Daktari Shakila. Nachunguza jinsi macho yanavyomsaidia mtu asianguke. Nimesikia kina mama wa hapa hupanda genge kutoka kisimani bondeni na ndoo kichwani bila kuishika."

"Basi mpime Mama Selestini," alidakia Mama Haji, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika. "Yeye huanguka hata bila ndoo. Uraka umemkolea."

Watu wakacheka. Dominika, mama yake Selestini, hakuinamisha kichwa. Tangu apone homa kali, dunia ilimzunguka kila alipogeuka. Bahati mbaya, kupepesuka kwake kuliangukia msimu wa mabibo, wakati kila nyumba ina chungu cha uraka, pombe ya mabibo hayo. Msimu huo, anayepepesuka haulizwi anaumwa nini. Uraka wenyewe hakuwahi kuuonja. Lakini mjomba wake, mzee Vitalis, mwenye neno katika ukoo, alimnyang'anya ndoo akaitundika ukutani kwake. Tangu hapo Dominika alikunywa maji ya hisani ya Loveness, jirani yake mjamzito.

Daktari akamkalisha kwenye kigoda. "Nitazame pua, usiiache." Akamshika kichwa, akakigeuza ghafla kulia. Macho yakatulia. Akakigeuza kushoto. Macho yakaponyoka, kisha yakairukia pua kama mtu aliyechelewa. Akarudia, yakawa yale yale.

"Ndani ya sikio kuna kitu kinachoyaambia macho kwamba kichwa kimesogea," alisema Shakila taratibu. "Chako cha kushoto kimeharibiwa na homa. Wewe si mlevi."

"Sema kwa sauti, Daktari," Dominika alimwambia. "Waliponiita mlevi hawakunong'ona."

Shakila akasimama, akayarudia maneno yale mbele ya wote.

"Daktari wa leo kesho yuko Masasi," Vitalis alisema. "Sisi ndio tunaobaki na aibu."

Kabla ya kuondoka, Shakila alimfundisha zoezi: kukazia macho kidole gumba huku akigeuza kichwa huku na huku, kila siku. Dominika hakujificha nyuma ya nyumba. Alilifanyia kando ya njia ya kwenda kisimani, mahali pa kuonekana na kila mpitaji.

"Sasa anabishana na kidole," Mama Haji alisema.

"Kinanijibu kwa adabu kuliko wewe, dada yangu."

Loveness alipokaribia kujifungua, Dominika alimwahidi: "Siku mtoto akitolewa nje, maji ya kumwogesha nitateka mimi."

Siku ikafika. Kizunguzungu kilikuwa kimepungua, hakijaisha. Dominika akaenda kwa mjomba wake.

"Shikamoo, Mjomba. Nimefuata ndoo yangu."

"Marahaba. Ichukue. Ila ukianguka, nitaitoboa kwa msumari, na bondeni hutashuka tena."

Alishuka, akateka, akafunika maji kwa majani yasimwagike, akaanza kupanda akiukazia macho mkorosho mmoja ukingoni. Alikuwa karibu kufika juu Mama Haji alipomwita kwa nyuma. Dominika akageuka. Genge likapinduka, naye akaenda chini, na maji yakanywewa na mchanga.

"Nilisema mimi," Mama Haji aliwaambia wenzake. Mtu mmoja akatangulia juu na habari.

Dominika akaiokota ndoo. Goti lilivuja damu. Juu, nyumbani kulikuwa karibu. Chini, kisima kilikuwa mbali, na msumari alikwisha kuustahili. Akashuka.

Safari hii aliitwa mara nyingi, kwa kejeli na kwa huruma. Hakugeuka. Mkorosho ulipotaka kucheza alisimama mpaka ukatulia, kisha akapiga hatua nyingine.

Mlangoni kwa Loveness alimkuta Vitalis, msumari na nyundo mkononi.

"Nimesikia umeanguka."

"Nimeanguka, Mjomba. Subiri kwanza nimimine."

Akapita, akajaza beseni la mtoto, akakung'uta tone la mwisho. Kisha akatoka nje, akamkabidhi mjomba wake ndoo tupu kwa mikono miwili.